Sekretaria ya karibu na Nyawera yenye ilinifanyia saisi ya TP ya Texas: nyota 3 na nusu

Bon, naandika hii juu kuna mutu aliuliza ni wapi mu Bukavu unaweza fanyisha saisi (kupigisha kazi ku mashine) na reliure (kuifunga kama kitabu) bila kupoteza kichwa, na mimi nimetoka tu huko, na reliure ya buluu mukononi na hasira kidogo, kwa hiyo nitasema yote, mazuri na mabaya. Jina ya ile nyumba siiweki. Benye banapitaka pale bataijua tu, iko pembeni ya barabara ukishuka toka Nyawera, mulango ya bati, kibao SAISIE IMPRESSION RELIURE SCAN yenye herufi R imefutika, na mama mwenye anauzisha mikate na maharagwe pale mbele.

Kwanza TP yenyewe (travail pratique, kazi ya chuo), juu bila hiyo hamutaelewa kwa nini nilikaa mule masaa 5. Asista wetu wa sayansi ya siasa aligawia kila mutu sirkonskripsio moja ya vijijini (eneo yenye inachagua depite), uandike historia yake ya kisiasa, kurasa 15. Wenzangu balipata Shabunda, Walungu, Idjwi, vitu yenye unaweza uliza hata mujomba nyumbani. Mimi nikapata ya 10 ya Texas. Nikamwambia asista, mimi Texas sina hata ndugu ya mbali, akacheka, akapita kwa mwingine. Lakini nilipoanza kusoma ilinishika kabisa, na siku ya kupeleka saisi nilikuwa na kurasa 22 za mukono, ule mwandiko wangu kama kuku amepita mu wino.

Bei: saisi 500 FC ukurasa, kutoa karatasi nyeusi 100, ya rangi 1.000, reliure 3.000. Haiko rahisi kupita zote, kule juu Kadutu unapata chini ya hapo, lakini kule nilishaachaka TP moja siku 4. Hapa banaanza palepale unakaa ku banki unangoja.

Kitu ya kwanza patron alifanya ni kunipendekezea nisifanye kazi. "Peti, unachoka bure, niko na TP ya Congress ya Marekani mu flashi, dola 3, unabadilisha tu jina." Akaifungua. Ukurasa wa 2 imeandikwa nyumba ya badepite ya Marekani iko na batu 50, kila jimbo mumoja. Ni 435, hesabu ya tangu 1913 (balifika 437 kidogo Alaska na Hawaii zilipoingia, kisha bakarudi 435), na maseneta njo 100, babili kwa kila jimbo. Nikamwambia papa, aksanti, nitabaki na yangu. Hakukasirika. Lakini ile flashi najua inazunguka, kwa hiyo kama unasoma hii na ulishanunua, pole sana.

Dada mwenye anapigaka mashine, huyo namupa nyota 5 peke yake. Anaweka rula chini ya mustari wenye anasoma, anaishusha na kiwiko, mikono haitoki ku klavié, kifuniko ya biki mu meno. Haangalii kabisa herufi. Shida yake, kama ni shida, anasoma kile anaandika. Wengine bananakili kama mashine, yeye anaelewa, na akielewa anauliza, na akiuliza banki nzima inaingia mu maneno.

Ilianza ku 1937. Nilikuwa nimeandika kwamba depite wa ile sirkonskripsio, James Buchanan, alikufa mwezi wa 2 ya ule mwaka, ikabidi uchaguzi wa kumurizi, na kijana moja wa miaka 28, Lyndon Johnson, ule mwenye alikuja kuwa raisi wa Marekani, akaingia kati ya bagombea bengi. Kijana hakuwa na jina kubwa, alikuwa anaongoza kazi ya kusaidia vijana mu Texas. Muke wake akatoa dola 10.000 ya uriti wake juu ya kampanye. Siku 2 kabla ya kura akaanguka, bakamupeleka hospitali, apendisiti, na akashinda akiwa ku kitanda, tarehe 10 mwezi wa 4, na kama 28 kwa mia ya kura.

Rula ikasimama. "28 kwa mia na anapita?"

Nikamujibu hakukuwa tour ya pili, mwenye kuwa mbele njo anabeba. Muzee moja mwenye alileta karatasi za kiwanja akasema bana, munashangaa nini, sisi uraisi wetu si ni tour moja tangu 2011? Rula ikaendelea.

Sasa pale kwenye maisha ya kule njo nilipoteza banki nzima. Ile sirkonskripsio ilikuwa na muji mumoja wa maana, Austin, lakini sehemu kubwa ilikuwa vilima, mawe, mbuzi, pamba kidogo, na mu ile miaka ya 1930 mashamba ya Marekani yenye yalikuwa na umeme yalikuwa kama 1 kwa 10 tu. Marekani hiyohiyo! Bamama balikuwa banavuta maji ku kisima, ndoo kwa ndoo, kila siku, siku ya kufua ni kuni na sufuria kubwa inje, siku ya kupiga pasi ni chuma nzito inawekwa ku jiko la kuni, unabadilisha moja kwa ingine, mu joto ya Texas. Mama moja mwenye alikuja kuskani karte yake ya uchaguzi akasema, "Ile pasi niko nayo. Karibu inivunje mukono." Akasogea karibu na mashine kusoma na macho yake.

Na hapa kuna kitu yenye mimi naona njo moyo ya TP yote, na nilimwambia dada aandike gra (herufi nzito). Raisi Roosevelt alikuwa ameunda ofisi ya umeme wa vijijini ku 1935. Ile ofisi haikuwa inajenga, ilikuwa inakopesha, batu banaunda koperativa, banakopa, banavuta waya yao benyewe. Lakini kulikuwa na sheria: mustari wa waya lazima upate nyumba kama 3 kwa kila maili, bila hiyo hakuna mukopo, juu deni haitalipika. Mu vilima vya Johnson City, kwao na Johnson, nyumba ziko mbalimbali, hata 2 kwa maili ilikuwa bahati. Kwa hiyo kwa karatasi ile inchi ilikuwa imehukumiwa kukaa na taa ya petroli. Kazi ya depite ilikuwa ile: kwenda Washington, kuingia mpaka kwa Roosevelt mwenyewe, kuomba ile sheria ilegezwe kwa batu bake. Ikalegezwa. 1938 koperativa ya Pedernales ikapata mukopo wa zaidi ya dola milioni 1, waya ya maili zaidi ya 1.800, familia karibu 2.900. Mashimo ya nguzo balichimba mu mawe na mikono.

Ile fasi dada alikuwa anapiga haraka kuliko mbele, na alikuwa amefika mwisho wa 1939, wakati taa zinawaka mu nyumba za kwanza, njo umeme ukakatika.

Tii. Giza. Mulango ya bati iko na dirisha moja tu na ilikuwa inaelekea saa 11 ya jioni na mawingu. Nikauliza umesauvegarde? Kimya. Akauliza patron, papa, tulikuwa tumefika ukurasa wa ngapi? Hapo nikajua.

Grupu (jenereta) iko, iko vizuri hata, ya kijani, lakini haikuwa na esansi. Patron akatuma kijana na bidon. Dakika 40. Mu hizi dakika 40 tulikaa na torshi za simu, na nitasema ukweli kama mutu mwenye analipa: ni kosa kubwa kwa nyumba ya saisi kukaa bila esansi mu muji wenye delestaji (kukatwa umeme) iko kama vile mvua. Bwawa la kwanza la Ruzizi liko hapo chini tangu miaka ya 1950, la pili tunagawana na Rwanda na Burundi, na bado mutu anatumwa na bidon. Nyota moja inaanguka hapo, haina mujadala.

Lakini ile giza njo ilikuwa auditwari yangu ya kweli. Mama wa karte akauliza swali yenye asista hakuniuliza: kwa kuingia mu ile koperativa balikuwa banatoa ngapi? Nikasema dola 5 ya kuanza. Akasema mu inchi yenye batu hawana makuta, dola 5 ni mingi. Ni kweli, na bengi balikataa ao baliogopa, kuna benye balifikiri ile waya itaunguza nyumba, ao ni mutego wa kubanyanganya shamba juu ya deni, ilibidi kutembea nyumba kwa nyumba kubashawishi. Muzee wa kiwanja akasema alor huyo depite alibaletea deni! Nikamwambia njo hivyo papa, alibaletea deni, si zawadi. Hakugawa pagne wala kofia. Nguzo zilikuwa za koperativa, deni ya koperativa, na ile koperativa iko mpaka leo. Muzee akakaa kimya kidogo kisha akasema kwa sisi depite akikuletea deni utamufukuza na mawe. Mama akamujibu hapana, akileta deni na moto inawaka, namulipa. Wakaanza kugombana wenyewe, mimi nikanyamaza nikasikiliza, na kama ningekuwa na karatasi ningeandika konklusio upya.

Esansi ikafika. Kurasa 3 zilikuwa zimepotea. Dada akazirudilia bure, bila kuombwa, sasa hivi ana-sauvegarde kila paragrafu, nilikuwa naona. Ile nyota nusu inarudi.

Kosa ya pili sikuiona mara moja, na ni kosa ya mutu mwenye akili, si ya mujinga. Sehemu ya 3 ya TP ni namna Johnson alitoka mu sirkonskripsio kwenda kutafuta Senati. 1941 alishindwa na kura 1.311, na gavana moja mwenye jina lake lilitokea mu kuuza unga ku radio na orkestra. 1948 akarudi. Ilikuwa uchaguzi wa ndani ya chama cha Demokrat, lakini mu Texas ya ule wakati ukishinda ndani ya chama umemaliza, kule inje hakuna mutu. Kura karibu milioni 1. Akashinda na kura 87. Themanini na saba! Na hizo 87 zilitokea wapi, mu kasha ya 13, ku muji mudogo Alice, kusini kabisa, mbali na sirkonskripsio yake: siku 6 baada ya kura, liste ikaongezeka na majina 202, wino moja, mwandiko moja, yamepangwa kwa alfabeti, na 200 zilikuwa za Johnson. Marehemu pia balipiga, banasema.

Nilisoma karatasi zilizotoka, nikakuta "87.000".

"Dada, hii ni nini?"

"Nilifikiri umesahau sifuri. Mutu hawezi shinda milioni ya batu na 87."

Sasa utamukasirikia namna gani? Tulicheka mpaka patron akatoka nyuma kuona. Akarekebisha, akatoa ukurasa tena, 100 FC nikalipa mimi, sawa, mwandiko wangu ni mubaya.

Kuna sehemu yenye hakuna mutu aliuliza swali, na nilitamani baulize. Ni ile ya benye hawakuhesabiwa. Tangu 1902 Texas ilikuwa inalipisha batu juu ya kupiga kura, dola 1 na nusu, na serkali ya chini inaweza ongeza kidogo, na mpaka 1944 Weusi balikatazwa kuingia mu ule uchaguzi wa ndani ya chama cha Demokrat, wenye nilisema njo uchaguzi wa kweli. Kwa hiyo ukisikia "watu wa vilima balimupenda", uliza watu gani. Na Johnson huyohuyo, mwenye alikaa miaka mu Congress akipiga kura na bazungu ba kusini, njo mwenye alisaini sheria ya haki ya kupiga kura mwezi wa 8 1965 akiwa raisi. Nilijaribu kuiweka mu paragrafu moja ikakataa, nikaweka mu mbili.

Tufike ku karte, zile za ramani, juu hapa njo hasira iko.

Kiti ya Johnson ilikaliwa na Homer Thornberry toka 1949, halafu Jake Pickle alishinda mwezi wa 12 1963 na akakaa mpaka 1995, miaka 31, akapiga kura ya ndiyo ku sheria ya haki za raia ya 1964 wakati bengi ba kusini balikataa. Halafu Lloyd Doggett. Ku 2003 Barepublikani balikuwa bameshika nyumba zote 2 za bunge la jimbo la Texas, bakasema tunachora upya mipaka ya viti vya Washington, hata kama sensa haijafanyika ingine. Badepite ba jimbo lenyewe (si ba Washington) ni 150, ili kikao kiwe halali lazima 100 bakae. Mwezi wa 5 Bademokrat zaidi ya 50 bakatoroka usiku, bakavuka mpaka, bakaenda kukaa mu oteli ku Ardmore, Oklahoma, ili polisi ya Texas isibarudishe kwa nguvu. (Muzee wa kiwanja: "Badepite banakimbia kazi na hiyo mumeandika mu historia?") Maseneta 11 ba jimbo nao bakaenda New Mexico zaidi ya mwezi. Mwisho moja akarudi, kikao kikafanyika, mipaka ikachorwa. Sirkonskripsio ya 10 ikatolewa sehemu kubwa ya Austin na ikavutwa kama mpira kwenda mashariki, mpaka mitaa ya pembeni ya Houston. Doggett akaenda kugombea kwingine, na toka 2005 kiti ikaenda kwa Michael McCaul, Murepublikani. Texas yote, kwa viti vyake vya Washington, ilitoka Bademokrat 17 kwa 15, ikageuka Barepublikani 21 kwa 11. Kule kiti moja ni mpaka moja, depite moja, haiko kama sisi kwa liste na viti vingi mu territwari. Kwa hiyo mwenye kushika kalamu ya mpaka, unaelewa. Banaita gerrymander, jina ya gavana Gerry wa Massachusetts, juu ku 1812 sirkonskripsio moja ya kule ilikuwa na sura ya salamanda.

Nilikuwa na karte 2 za rangi, moja ya wakati wa Johnson, moja ya baada ya 2003. Ya kwanza ilitoka safi, imekaa kama mukate. Ya pili ni ndefu, na patron mwenyewe alisema ye njo ataitoa, dada apumuzike. Akaitoa A4 ya kusimama. Imprimanti ikakata kuanzia katikati. Upande wa Houston hauko. Karte inaishia mu mashamba, jaune, kisha karatasi nyeupe.

Nikamuonyesha. Akaangalia sana, akasema, "Lakini sehemu ya maana si imeonekana?"

Papa. Ile sehemu yenye haikuonekana njo ilileta batu bapya ba kupiga kura, njo TP yote. Nikamwambia hivyo, mama wa karte (alikuwa bado pale! skani yake ilimalizika kitambo) akacheka akasema patron naye anachora mipaka. Akaitoa tena, ya kulala, ikaingia yote, lakini alinilipisha mara 2, 2.000 kwa karte moja, na kosa ni yake, na hakutaka hata kusikia. Hapo njo nyota ingine inaenda. Kama unaenda na karte ao tablo pana, sema mbele "ya kulala", sema mara 2, na ulipe baada ya kuona.

Reliure yenyewe nzuri, spirali haikati karatasi, plastiki ya mbele nzito, rangi unachagua ila nyekundu ilikuwa imeisha. Banki ni ngumu. Choo hakuna, unaenda kwa jirani wa mafuta ya kupika. Mama wa maharagwe anakukopesha kama anakuona umekaa sana.

Leo asista amerudisha kazi. 16 kwa 20. Amezungusha fasi moja tu na biki nyekundu, ku konklusio, ukurasa wa 15, yenye mimi na dada tulisahau kurudilia: "akashinda na kura 87.000". Na pembeni ameandika, "Hizi sifuri 3 ni za kasha ya 13 ao za sekretaria?"